Karata za Kisogo katika Wodi ya Wanawake

Kama umelala chali na watu wamesimama kando ya kitanda wakizungumza habari za miguu yako kana kwamba miguu hiyo haina mwenyewe, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Madaktari wana vitabu vyao. Wewe hukupewa kitabu, mimi pia sikupewa, nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo. Kwa hiyo nivumilie.

Ugonjwa wangu ulikuwa TB ya mgongo. Sikujua kwamba TB inaweza kukaa huko. Nimemaliza kidato cha nne, nilifundishwa kwamba TB ni kikohozi na damu kwenye leso, na mimi sikukohoa hata siku moja. Mgongo ulianza kuuma nikiwa na mimba ya binti yangu, Glory. Alipozaliwa, mwezi wa kumi, nikasema sasa utaacha. Haukuacha. Zahanati walinipa vidonge vya maumivu, na kila nikirudi wananipa vilevile. Mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye kiwanja kimoja pale Endabash, alikuwa na tiba yake:

"Sisi tulijifungua asubuhi, jioni tunakamua ng'ombe. Wasichana wa siku hizi mgongo wenyewe ndio ugonjwa."

Nundu sikuiona mimi. Aliiona mume wangu, Paulo, siku moja ananisugua mgongo. Mkono wake ukasimama. "Mama Glory, hapa pametoka kitu." Nikapeleka mkono nyuma nikaikuta, ngumu, kama kifundo cha mguu kimehamia mgongoni.

Mwezi wa sita, wakati ule wa ukungu ambapo Karatu nzima inavaa makoti, nilikuwa shambani nang'oa maharage. Glory, miezi minane, amekaa juu ya kanga mwisho wa tuta. Akalia. Nikataka kuinuka nimfuate, miguu ikakataa. Haikuuma. Ilikuwa imelala tu, kama ya mtu mwingine. Nilitambaa kwa viwiko mpaka kwa mwanangu, nikamnyonyesha palepale chini kwa sababu ndicho alichokuwa analilia, halafu ndipo nikaanza kupiga kelele.

Arusha, kwenye kipimo, tulisubiri tangu asubuhi mpaka alasiri. Benchi lilikuwepo ila sikuweza kukaa, nikalala sakafuni kwenye korido, watu wananiruka. Mama mmoja nisiyemjua akavua koti lake, akalikunja, akaniwekea chini ya kichwa. Jina lake likaitwa, akaingia kupimwa akitetemeka kwa baridi, akatoka, hakulidai. Ilibidi Paulo amkimbilie nalo getini. Sijamwona tena. Namtaja hapa kwa sababu katika siku hiyo yote hakuna kingine ninachotaka kukikumbuka.

Kisha nikarudishwa karibu na nyumbani, hospitali ya misheni, wodi ya wanawake. Amri ilikuwa moja: chali. Nisikae, nisijigeuze, nigeuzwe kama gogo na watu wawili. Mpira wa mkojo. Vidonge kila asubuhi, vingi, mbele ya macho ya sista, na mkojo ukawa na rangi ya soda ya machungwa. Glory alibaki kwa bibi yake akinywa uji. Mimi maziwa yaliendelea kuja kama mjinga asiyejua kwamba mwenye kunyonya hayupo. Nilikuwa nayakamulia kwenye kikombe cha plastiki. Wiki ya tatu kikombe kikatoka kikavu, na siku hiyo nilimtukana sista matusi ambayo sikujua kama ninayo. Akachukua kikombe, akasema, "Tukana tu, mama. Mimi niko zamu mpaka saa nane."

Nilikuwa na swali moja. Nitatembea au sitatembea? Nilimuuliza kila aliyepita na koti jeupe. "Tuendelee na dawa," wanasema. Nilimuuliza Paulo. "Mungu ni mwema," anasema, na anaangalia dirishani. Nilijua kwamba Mungu ni mwema. Sikuwa nimeuliza hilo.

Kitanda cha kulia kwangu kilikuwa cha yeyo Nasieku. Yeyo ni mama kwa Kimasai, na kwa umri angeweza kunizaa. Alitoka Kakesio, kule ndani Ngorongoro. Paja lake lilivunjika alipogongwa na punda wake mwenyewe akiwa anatoka kuchota maji, na sasa mguu ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na mawe ya kuuvuta. Kila mgeni alimwuliza, "Ni nyati?" Na kila mara alijibu, "Punda. Nyati angekuwa na heshima." Hajasoma hata darasa moja. Kiswahili chake alikiokota mnadani, na alikitumia kama fimbo.

Mwezi wa saba akaletwa Rehema, kitanda cha kushoto. Msichana wa Karatu mjini, msafisha vyumba kwenye lodge moja, ameanguka kutoka kwenye ngazi akifuta vioo. Mguu mmoja kwenye plasta mpaka nyonga, mdomo mzima kabisa. Yeye ndiye aliyekuja na boksi. Wageni walilisahau chumbani, likakaa stoo mpaka muda wa kulisubiri ukapita, meneja akamwambia chukua. Ndani yake karata zenye rangi, na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza.

"Da Fausta, wewe ndiye msomi," akanirushia karatasi kifuani. "Mimi Kiingereza changu ni cha taulo na mito."

Nikasoma. Karata zina rangi tano, kila rangi ina namba moja mpaka tano. Kazi ya wachezaji wote ni kupanga kila rangi mstari wake: moja, mbili, tatu, mpaka tano. Hakuna kushindana, mkipata mmepata wote, mkikosa mmekosa wote. Mpaka hapo sawa. Kisha pakaandikwa kwamba kila mtu ashike karata zake zikiwa zimewatazama wenzake, asizione yeye mwenyewe. Nilisoma mara tatu. Mtu mwenye akili timamu ashike karata kinyume? Nikaamua mwandishi amekosea. Nikamsahihisha. Nikawaambia wenzangu washike kama watu wanavyoshika karata.

Tulicheza hivyo siku mbili. Kila mtu anaona zake, anaweka inayofuata, mistari inajaa, tunamaliza hata chai haijapoa. Siku ya pili yeyo Nasieku akaweka karata zake chini.

"Mama Glory, hawa wazungu wamepanda ndege kuja na mchezo usio na shida yoyote?"

"Ndivyo ulivyo, yeyo."

"Hapana. Soma tena. Umeruka shida."

Nikasoma tena, kwa aibu, na shida ikawa pale pale nilipoiruka. Karata zako zinakupa kisogo: wenzako wanaziona, wewe huzioni, na hawaruhusiwi kukuambia. Wanaruhusiwa dokezo moja kwa zamu, rangi au namba. "Hizi mbili ni nyekundu." Basi, amefunga mdomo. Kila dokezo linakula alama moja, na alama ni nane tu. Ukitupa karata moja, alama moja inarudi. Ukiweka isiyofaa, ni kosa. Makosa matatu, mchezo umekufa. Namba nyingine zina pacha, lakini tano ya kila rangi ni moja tu. Ukiitupa bila kujua, mstari ule hautakamilika tena.

Rehema alitazama dari. "Kumbe ndiyo maana waliusahau chumbani."

Alama zikawa punje nane za mahindi. Rehema, kwa kuwa aliweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, akawa meza yetu, katikati, na trei ya chakula mapajani. Shida ilikuwa mimi. Mtu aliyelala chali anashikaje karata zisizotakiwa kumwonyesha uso? Tulijaribu vidole, mikono ikachoka. Mwishowe yeyo akaomba kipande cha sabuni ya mche, akakichonga mfereji kwa mpini wa kijiko, wakakiweka kifuani kwangu na karata zimesimama ndani yake. Karata zangu zilinuka sabuni mpaka mwisho. Sista wa zamu ya asubuhi alipita akacheka: "Leo wagonjwa wangu wamefungua duka." Na jina la mchezo alilitoa Rehema: karata za kisogo.

Tulikuwa wabaya sana. Mchezo wa kwanza ulikufa tukiwa na karata sita mezani. Wa pili, saba. Mimi nilitoa madokezo kama ninavyotoa salamu, kwa kila mtu, hata pasipo haja, punje zikaisha. Rehema alikuwa na ugonjwa mwingine: huruma. Akiona yeyo anataka kutupa karata nzuri, anakohoa. Kikohozi kimoja usitupe, viwili tupa. Akizidiwa, anakodoa macho mpaka yanataka kutoka. Yeyo alivumilia siku tatu.

"Wewe mtoto, kifua chako kina nini?"

"Nakusaidia, yeyo!"

"Unanisaidia nini? Ukinionyesha kwa jicho, mimi hapa nafanya kazi gani? Nilale?"

"Si tutashindwa sasa!"

"Tushindwe nikiwa macho."

Tangu siku hiyo yeyo alikuwa anaangalia sabuni yangu na trei tu, kamwe hatazami uso wa mtu. Sijawahi kuona mtu mwenye heshima kwa mchezo namna ile. Na ndipo nilipoanza kumwona anavyocheza, nikaacha kujivunia cheti changu cha kidato cha nne.

Mimi na Rehema tulikuwa tunahesabu. Bluu nne ziko mbili, moja imetupwa, imebaki moja. Tunahesabu kwa vidole, tunapotea, tunaanza upya. Siku moja Rehema akamwuliza, "Yeyo, nyekundu zilizobaki ni ngapi?"

"Sihesabu."

"Huwezi au hutaki?"

"Ng'ombe hawahesabiwi," yeyo akasema. "Ukihesabu unayaita mabaya. Jioni nasimama mlangoni mwa zizi, wanaingia. Nawajua wote. Siangalii walioingia. Nasikia pengo: yule mwenye pembe moja hayupo. Ndiyo hivyo tu."

"Wamasai bwana," Rehema akasema. "Hata hesabu mna sababu ya kuikwepa."

"Na wewe uliyehesabu, ngazi ilikuwa na vidato vingapi?"

Nilicheka mpaka sabuni ikaanguka, na kucheka kuliniuma mgongo, na sista akaja kutugombeza. Lakini zamu ya yeyo ilipofika akagusa karata yake ya mwisho, ambayo hakuna aliyewahi kumpa dokezo lake hata moja. "Hii ni bluu nne," akasema. "Haipo kwingine." Akaiweka kwenye trei. Ilikuwa bluu nne.

Rehema akakigeuza kiti chake. "Nani amemwambia? Da Fausta, umekohoa?"

"Hamkuniambia," yeyo akasema. "Zamu nne mmenipa habari za hizi nyingine. Hii mmeikalia kimya. Kama ingekuwa mbaya mngeniambia niitupe. Kama ingekuwa ya haraka mngeniambia niiweke. Mlinyamaza kwa sababu wakati wake ulikuwa bado. Sasa wakati umefika."

Nililala nikiitazama ile bluu nne kwenye trei. Nimesoma miaka kumi na moja, hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba kitu ambacho hakijasemwa nacho kinaweza kusomwa.

Nilianza kukisoma Jumapili iliyofuata, na sikuwa nimekusudia. Paulo na mama yake walikuja na Glory, kama kila Jumapili. Mama mkwe alinipa uji kwa mkono wake mwenyewe. Akanifuta mdomo. Akaniita "mwanangu". Walipoondoka nilibaki na kitu kinanikereketa, na sikujua ni nini mpaka zamu yangu ya kucheza ikapita na Rehema akaniita mara mbili.

Mama mkwe wangu alikuwa ameacha kunisema.

Mwanamke ambaye tangu niolewe hakupitisha siku bila kuniambia kazi zinanisubiri, mahindi yanaliwa na tumbili, nyumba yangu ina vumbi! Zilikuwa zimepita Jumapili tatu, na hakuna kazi hata moja inayonisubiri. Nikarudi nyuma nikasikiliza mapengo, kama yeyo mlangoni mwa zizi. Paulo hajasema "ukirudi" tangu lini? Kwaya ilikuja kuniombea, wakaomba nipewe uvumilivu. Mbona hawakuomba nipone? Na leo, akiaga, Paulo kasema, kama mtu anayetoa habari njema, kwamba amekitoa kile kizingiti cha mlango wa nyumba. Kizingiti alichokichonga mwenyewe tulipohamia. Unakitoa cha nini? Mtu mwenye miguu anakiruka.

Magurudumu hayaruki.

"Yeyo," nikasema, "unazionaje karata zangu?"

Alielewa kwamba siulizi habari za sabuni. "Mimi sijaambiwa kitu, mama Glory. Lakini naona mume wako anaitwa ofisini kwa daktari kila Jumapili kabla hajaja hapa. Anapita pale mlangoni akiwa amejifuta uso."

Nikasubiri wiki nzima. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na hasira siku saba bila kupumzika. Jumapili walipoingia sikuwapa hata nafasi ya kuweka hotpoti chini.

"Paulo. Umeambiwa sitatembea."

Akamtazama mama yake.

"Usimwangalie mama. Miguu si yake."

"Mama Glory, tulitaka upate nguvu kwanza..."

"Mmemwambia nani mwingine?"

"Kaka zangu. Na mchungaji. Na dada yako, ili aje kukaa na mtoto."

"Na kwaya?"

Akaliweka hotpoti kitandani kando yangu. Kwaya nzima! Wapiga kinanda wanajua habari za uti wangu wa mgongo, na mimi niliyelala juu yake sijui. Sitayaandika yote niliyosema. Hotpoti nililirusha, na kwa mtu aliyelala chali nililirusha mbali. Glory akalia. Mama mkwe akambeba, na alipofika mlangoni akageuka, akaniambia kitu ambacho sikukitegemea: "Mimi nilisema uambiwe. Mimi nilisema huyu si wa kufichwa, ana moyo wa jiwe." Ukali wote wa yule mama, na kumbe yeye peke yake ndiye aliyenijua.

Wewe unayesoma, usije ukaambiwa kwamba haya ni sawa na ule mchezo. Si sawa. Kwenye mchezo tumekubaliana wote watatu kwamba tutafichana, na kila anayekuficha anahangaika punje kwa punje ili ujue. Hawa wangu walinificha bila kuniuliza kama nacheza.

Kesho yake kwenye raundi nilimshika daktari koti. Nilimwambia sitaliachia mpaka anijibu mimi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, macho yana usingizi. Akavuta stuli, akakaa, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza niliuona uso wake ukiwa usawa wa wangu.

"Nilimwambia mumeo kwamba wapo wanaorudi kutembea na wapo wasiorudi," akasema. "Na kwamba ndani ya miezi michache tutaona dalili."

"Yeye amesikia sitatembea."

"Watu wakiogopa wanasikia nusu."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ndugu waliomba. Huwa wanaomba." Akapangusa miwani kwa muda mrefu. "Ilitakiwa nikuambie wewe kwanza. Hapo nimekosea."

Nikaachia koti. Nimeshamkasirikia sana yule daktari, lakini namheshimu kwa maneno hayo, maana hakuna mwingine aliyekosea akayasema. Nikamwuliza dalili ni ipi. Akasema kidole. Miguu ikianza kurudi, mara nyingi huanza na kidole.

Sasa fikiria. Mtu aliyelazwa chali, mto mwembamba, shuka mpaka kifuani. Vidole vyangu vya miguu sikuviona tangu mwezi wa sita. Nilivituma asubuhi na jioni, navisukuma kwa kichwa mpaka jasho linanitoka, na sikuwa na njia ya kujua kama ujumbe umefika. Mtu wa mazoezi alikuja mara mbili kwa wiki, akaikunja miguu yangu, akaikunjua, akaniambia endelea. Paulo akaanza kuja na siku za katikati ya wiki, akitembea kutoka kazini na vumbi la simenti kichwani. Hakuomba msamaha kwa mdomo. Alikuja, akajifunza kuikunja miguu kama alivyomwona mtu wa mazoezi, kwa ile mikono yake ya uashi, taratibu kuliko alivyowahi kumshika hata mtoto. Nilimnunia mwezi mzima huku nikimpa miguu. Hayo yote mawili yanawezekana kwa pamoja.

Tulicheza kila siku. Tukawa wazuri. Ishirini mezani, ishirini na moja. Mwezi wa tisa, siku ya joto, shuka nimelitupa pembeni, zamu ilikuwa ya yeyo na punje ilikuwa imebaki moja. Nilikuwa nimekaza akili kwenye karata, miguu nimeisahau kabisa. Yeyo akanyoosha mkono, akaichukua ile punje ya mwisho.

"Nampa dokezo mama Glory," akasema.

"Sema."

"Dole gumba. La kushoto."

"Yeyo, hiyo si rangi wala namba," Rehema akasema. "Unaharibu punje bure." Kisha akageuza kichwa kufuata macho ya yeyo, na kelele aliyoipiga ilimleta sista, mpishi, na mgonjwa mmoja wa wodi ya wanaume aliyekuja kwa magongo.

Sikuliona. Sista wawili walilinyanyua godoro kidogo upande wa kichwani, wakaleta kioo cha bafuni, wakakishika chini kule miguuni, na ndani ya kioo nikaona dole langu gumba linapinda na kunyooka. Dogo, limepauka kwa kukosa jua, linaitikia kama mtoto anayeitwa darasani. Tena, nikalituma. Likaja tena.

Sitaki kukudanganya kwamba baada ya hapo ilikuwa furaha. Ilikuwa kazi. Mwezi wa kumi nilifungwa kijaketi cha ngozi na chuma kutoka makwapani mpaka kwenye nyonga, nikakalishwa, nikatapika. Siku ya kwanza kusimama nilisimama muda wa kutaja majina matatu, nikazimia mikononi mwa Paulo. Glory alitimiza mwaka mmoja na hakutaka kuja kwangu. Alimshika bibi yake shingo na kuniangalia kama muuguzi mwenye sindano. Hilo liliniuma kuliko uti wa mgongo, na halina dawa ila kukaa naye.

Mvua za vuli zilipoanza, yeyo Nasieku akaruhusiwa. Wanawe walikuja kumchukua, wamevaa shuka zao, wamejaa mlangoni. Akawaambia wasubiri nje, kuna mchezo. Tulicheza wa mwisho, na ulikuwa mzuri kuliko yote: ishirini na nne mezani, imebaki moja, manjano tano, na ilikuwa kwenye sabuni yangu. Nilikuwa na karata tatu, makosa mawili tulishayafanya, punje zimekwisha, hakuna wa kuniambia. Nilitakiwa nisikilize pengo. Nikasikiliza. Nikachagua ya katikati. Ilikuwa kijani mbili.

"Da Fausta jamani!" Rehema akajipiga paji la uso.

Yeyo alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya shuka. "Vizuri," akasema. "Ningeondoka nikijua mmemaliza, ningewasahau." Akapeana mikono na sisi, akaondoka kwa magongo yake katikati ya wanawe, na alikuwa anawasuta njia nzima kwa nini hawakuja na punda. Hatukuwahi kufikisha ishirini na tano. Karata alibaki nazo Rehema.

Mimi nilitoka mwezi wa kumi na mbili na fremu ya kutembelea. Mlango hauna kizingiti mpaka leo. Fremu ilipita vizuri, na hilo sikumwambia Paulo, ila nadhani aliona. Mama mkwe alinipa siku nne za kuitwa mwanangu. Ya tano akaniambia kwamba sufuria hazijioshi zenyewe. Nililia kwa furaha, akafikiri ameniumiza, akaosha mwenyewe. Masika nikaiacha fremu, nikatembelea fimbo. Wakati wa maharage nikatembea bila kitu, kwa mwendo wa bata, mgongo una kona yake na utabaki nayo. Kubeba mtoto mgongoni nimekatazwa maisha yangu yote. Glory anatembea mwenyewe sasa, na nikimwita anakuja, mara nyingine.

Mwezi wa sita nilikwenda kuchukua jibu la mwisho, baada ya mwaka mzima wa dawa. Nilikuwa nimemaliza, nina karatasi yangu mkononi, nikapitia wodini kuwasalimia masista. Kitanda changu sasa kilikuwa cha msichana, labda miaka ishirini, amevunjika kiuno kwa kuanguka na pikipiki. Amekalishwa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni mwa wodi, peke yake, anatazama mlango wa ofisi uliofungwa kule mwisho wa korido.

"Nani yuko ndani?" nikamwuliza.

"Kaka zangu. Wameitwa na daktari."

"Kwa habari za nani?"

Akaniangalia kama ananishangaa. "Zangu."

"Wewe unataka kuzisikia, au unataka wakusikilizie?"

Alifikiri. Nilipenda kwamba alifikiri. Wapo wasiotaka, na hiyo ni haki yao. Kisha akafungua breki za kiti kwa mikono yake mwenyewe, kulia, halafu kushoto.

"Nisukume, dada."

Nikashika mishikio. Korido ile ni ndefu na ina mteremko kidogo, na kiti kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nilitembea taratibu, kisigino, kidole, kisigino, kidole. Tulipofika sikubisha. Niliusukuma mlango kwa mguu.